Jibu: Kwa nini Marekani walicheza tena baada ya kuwafunga Wasovieti 1980?

Umeuliza kwa nini filamu kuhusu timu ya hoki ya barafuni ya Marekani katika Olimpiki ya 1980 inaonyesha mechi na Finland baada ya ile 4-3 dhidi ya Wasovieti. Ni kwa sababu ile ya Wasovieti haikuwa fainali. Dhahabu ya hoki huko Lake Placid, Marekani, ilikofanyika Olimpiki hiyo, iliamuliwa kwa pointi za timu 4 za mwisho: ushindi pointi 2, sare pointi 1, na matokeo ya makundi kati ya timu hizo yalihesabiwa. Marekani waliingia na sare ya 2-2 na Sweden, wakawafunga Wasovieti Februari 22, kisha Finland 4-2 Februari 24. Jumla pointi 5, Wasovieti 4. Wangefungwa na Finland, dhahabu ingekwenda Moscow!

Ukiirudia, tazama mwisho wa kipindi cha kwanza cha mechi na Wasovieti: Johnson wa Marekani anasawazisha ikibaki sekunde 1, na kocha wa Wasovieti, Tikhonov, anamtoa kipa wake Tretiak. Kosa kubwa mno.