Nyumba haina wajukuu

SWALI: Natafsiri makala ya historia kuhusu makabaila wa Hispania ambao kwa Kihispania huitwa Casa de Alba. Mhariri anataka niandike "Nyumba ya Alba". Mwenzangu anashikilia "Familia ya Alba". Lipi sahihi? Na je, naweza kusema ni watu wenye "damu ya bluu"?

JIBU: Andika "ukoo wa Alba". Jibu limekwisha. Sasa niruhusu nimshughulikie mhariri wako, maana hii "nyumba" hutuingilia magazetini kila anapozikwa mfalme wa Ulaya.

Casa, kwa Mhispania, ni jengo na ni kizazi pia, wala hachanganyikiwi. Kwetu sisi nyumba ikimaanisha watu, ni mke na watoto wake: mzee mwenye wake wawili ana nyumba mbili, na mirathi ikifika ndipo utakapozisikia zote mbili. Kwa hiyo nyumba ni kipande cha ukoo. Kuuita ukoo mzima "nyumba" ni sawa na kuliita shamba tuta.

Hebu tumpe mhariri kalamu. "Mwaka 1472 Nyumba ya Alba ilipandishwa cheo na Mfalme Enrique IV wa Castilla, ikapewa uduke." Haya. "Mwaka 1580 Nyumba ya Alba iliongoza jeshi na kuiteka Ureno." Aliyeiteka ni Duke wa tatu, Fernando Álvarez de Toledo, yuleyule aliyeitawala Uholanzi kwa mkono wa chuma kuanzia 1567 hadi 1573, na Ureno aliiteka kwa niaba ya Felipe II, ndiyo sababu Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ni ngome ya Wareno chini ya mfalme Mhispania. Tuendelee. "Novemba 1936 Nyumba ya Alba ilipigwa mabomu, ikaungua, zikabaki kuta za nje." "Mwaka 2019 Nyumba ya Alba ilifunguliwa kwa umma, kwa kiingilio." Sentensi mbili za kwanza ni za watu, mbili za mwisho ni za jengo, Palacio de Liria lililoko Madrid. Msomaji atajuaje? Iliyoiteka Ureno ndiyo iliyoungua? Iliyopewa uduke ndiyo inayokatiwa tiketi? Mwandishi anayelazimika kueleza kila mara kwamba nyumba hii si nyumba ameshindwa kutafsiri.

Kisha ngoja ufike kwa Berwick. Huyu ni James FitzJames, Duke wa Berwick (1670–1734), mwana wa Mfalme James II wa Uingereza, wa ukoo wa Stuart, na Arabella Churchill, bibi ambaye mfalme hakumwoa. Mwaka 1707 alimshindia Mfalme Felipe V wa Hispania vita vya Almansa, akatunukiwa uduke wa Liria. Karibu miaka mia baadaye, 1802, Duke wa 13 wa Alba alifariki bila mtoto, na cheo kikamwendea mzao wa Berwick, kijana wa miaka 8. Kwa lugha ya mhariri wako: "Nyumba ya Alba ilirithiwa na mzao wa nyumba ndogo ya Nyumba ya Stuart." Nisomee hiyo kwa sauti mbele ya abiria wa daladala.

Watafsiri wa Biblia waliukabili mtego huuhuu. Katika Luka 2:4 wakamwandika Yusufu kuwa ni wa "mbari na jamaa ya Daudi", Kiswahili safi. Kwingine walilegea wakatuachia "nyumba ya Israeli", tumeshaizoea, ibaki kanisani.

Mwenzako simlaumu sana. Familia ni wazazi na watoto wao. Ukifika kwa Cayetana (1926–2014), Duke wa 18, na watoto wake sita, andika familia bila wasiwasi. (Ndiyo, Duke, ingawa ni mwanamke. Rais wa Tanzania hatukumtafutia neno jingine.)

Hata hivyo "ukoo" nao una masharti. Wengi wetu tukilisikia tunawaza upande wa kuumeni, na cheo cha Alba kimepita kukeni mara kadhaa. Ndiyo maana jina hubadilika njiani: Álvarez de Toledo, kisha Silva, kisha Fitz-James Stuart. Kwa hiyo "ukoo wa Alba" utumie kwa warithi wote wa cheo. "Ukoo wa Álvarez de Toledo" uwe wa wale wa mwanzo tu. Kila kinapohama, ongeza "kwa kukeni", vinginevyo msomaji atadhani umekosea majina. Duke wa sasa, wa 19, baba yake ni Martínez de Irujo. Yeye amelitanguliza jina la mama. Na usihangaike kutafsiri majina hayo: -ez ya Álvarez ni "bin", na Fitz ni "bin" huyohuyo aliyepitia Ufaransa.

Tumalizie damu. "Damu ya bluu" Waingereza waliichukua kwa Wahispania, nasi tukaichukua kwa Waingereza bila kuuliza bei. Wakuu wa Castilla walijisifu kwamba mishipa yao inaonekana buluu chini ya ngozi nyeupe, kwa kuwa hawakuchanganyika na Waislamu wala Wayahudi. Kichekesho ni kwamba wananasaba huufikisha ukoo huu kwa Wakristo wa Toledo walioishi chini ya utawala wa Kiislamu, wakisema na kuandika Kiarabu. Hata baada ya mji kutekwa na Alfonso VI mwaka 1085, waliendelea kuandikiana mikataba kwa Kiarabu kwa zaidi ya karne moja. Wahispania huwaita mozárabes, kutoka Kiarabu musta'rib, aliyejifanya Mwarabu. Shina hilohilo ndilo lililotupa "ustaarabu". Basi waite wastaarabu, au waungwana, au watu wa nasaba. Bluu mwachie fundi rangi.