Jumatano ni Siku ya Chuo

Mama aliposikia neno "mwanagenzi" alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yaani tumetoka Mombasa tukaja mpaka Uingereza, ukawe mwanagenzi?" Kichwani mwake alimwona kijana wa gereji kule Kisauni, amelala chini ya matatu, ovaroli imeganda mafuta, jioni anapewa nauli na pesa ya chakula. Mimi nilitaka uanagenzi wa kompyuta, lakini nilimwelewa. Alama zangu zilitosha kuingia chuo kikuu, na majirani walishaanza kumpa hongera.

Niliyomweleza usiku ule ndiyo ninayowaeleza wazazi wanaonipigia simu siku hizi. England ilianzisha uanagenzi wa shahada mwaka 2015. Unaajiriwa kwa mkataba, unalipwa mshahara kila mwezi, na chuo kikuu kinakufundisha mpaka upate shahada kamili, ileile anayopata mwenzako wa darasani. Ada hulipi hata senti. Mwajiri mkubwa, ambaye mishahara anayolipa inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka, hutozwa asilimia 0.5 ya kinachozidi hapo, na fungu hilo ndilo linalosomesha wanagenzi. Kampuni ndogo huchangia kidogo, serikali ikamalizia. Mama alisikiliza mpaka nilipofika kwenye mikopo ya wanafunzi. "Na kwenye uanagenzi hakuna riba?" Hakuna mkopo, mama, riba itoke wapi? Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. Familia za Kiislamu za pwani zinaujua uzito wa jambo hili. Nawajua vijana hodari walioacha kabisa habari ya chuo kwa sababu hawakutaka deni la riba liwaandame.

Masharti nitayapitia haraka. Lazima uwe na haki ya kufanya kazi Uingereza, na walio wengi hutakiwa wawe wameishi huku kihalali kwa miaka 3 kabla ya kuanza. Mwenye hadhi ya ukimbizi ana kanuni nafuu zaidi. Viza ya mwanafunzi haikubaliki. Kwa hiyo ndugu mnaoniandikia kutoka Dar na Nairobi, kwa njia hii hamtaweza, na mtu akikuambia umlipe akutafutie nafasi, usimpe pesa yako. Ukiwa huku, umri si kizuizi. Unaomba kazi, na nafasi zinatangazwa kwenye tovuti ya serikali ya kutafuta uanagenzi. Anza kutazama mapema, tangu vuli ya mwaka unaotangulia. Soma mshahara vizuri: kima cha chini cha mwanagenzi kilichowekwa Aprili 2025 kilikuwa pauni 7.55 kwa saa, ilhali cha mfanyakazi wa kawaida aliyetimiza miaka 21 kilikuwa pauni 12.21. Waajiri wengi wa kompyuta hulipa zaidi ya hicho cha mwanagenzi. Asiyezidisha hata kidogo, muulize sababu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Nilianza Septemba 2021. Kanuni ya wakati ule ilitaka asilimia 20 ya saa zako za kazi ziwe za masomo, yaani siku 1 kati ya 5. Walioanza kuanzia Agosti 2022 waliwekewa kima cha saa 6 kwa wiki, na kanuni zimeendelea kurekebishwa, lakini msingi haujabadilika: masomo hayo hufanyika ndani ya saa unazolipwa. Siku yangu ilikuwa Jumatano. Kwenye kalenda ya ofisi iliandikwa kwa rangi ya kijani, kila mtu akaiona.

Jumatano ya tatu, msimamizi wangu alipita mezani. Mtu mzima, mpole, anayenisaidia sana. "Dakika kumi tu, kuna printa imekwama ghorofa ya pili." Nikainuka. Nilipomaliza printa, mhasibu akaniona, nywila yake imefungwa. Kisha tiketi nyingine, yaani ombi la msaada wa kompyuta, kisha nyingine. Mimi nimelelewa kwamba mkubwa akikutuma unakwenda, huulizi. Kufikia Desemba Jumatano ilikuwa kama Jumanne, na masomo ya programu nilikuwa nayasoma saa sita usiku, kichwa kinaanguka kwenye kibodi.

Baya zaidi ni kwamba daftari la saa za masomo nililijaza. Kila wiki niliandika saa ambazo sikuzisoma, kwa kuogopa kumharibia mzee wa watu. Kwenye kikao cha tathmini, tunachokaa watatu, mimi, msimamizi na mwalimu wa chuo, mwalimu aliniuliza swali dogo kuhusu somo nililodai kulisoma wiki iliyopita. Sikuwa na jibu. Nikasema ukweli wote palepale, mikono inatetemeka. Msimamizi alishtuka kuliko mimi. Hakujua kabisa kwamba zile dakika kumi zilikuwa zinakula siku nzima. Jumatano iliyofuata nilipewa chumba kidogo cha mikutano, na simu ya dawati la msaada akaishika mwingine.

Nakuomba usingoje ufike huko. Siku ya kwanza anapokuja na dakika kumi, mjibu kwa adabu: "Leo ni siku ya chuo, nitaishughulikia kesho asubuhi, au nimwombe mwenzangu?" Adabu yako iko palepale, na siku yako umeilinda.

Jambo la pili ni jalada la ushahidi, yaani kumbukumbu za kazi zako. Mwishoni utahojiwa juu ya kazi ulizofanya, na miaka minne baadaye hukumbuki kitu. Andika siku hiyohiyo. Sisi tulikuwa na tatizo: kila asubuhi watu kadhaa wa ghorofa ya pili walikosa mtandao. Nilipotazama seva inayogawa anwani za IP, yaani namba ambazo kila kifaa hupewa ili kiingie mtandaoni, nikakuta zote zimeisha. Kila simu ya mgeni iliyowahi kuunganishwa ilikuwa imeshikilia anwani yake kwa siku 8. Nikapunguza muda huo kwa upande wa wageni ukawa saa chache, tatizo likaisha. Niliandika aya mbili na kupiga picha ya skrini, kabla na baada.

Hata hivyo, kwenye mazoezi ya mahojiano nilisimulia hivi: "Tuligundua, tukabadilisha, tukajaribu." Mwalimu akanikatiza. "Nani aligundua?" Kiswahili changu cha nyumbani kimenifunza kusema "tu-", maana kujitaja peke yako ni kujikweza. Mtahini haoni hivyo. Anampa alama mtu mmoja, na asipolisikia lile "ni-" hana pa kuiweka. Ilinichukua wiki mbili kuzoea kusema "niligundua" bila kuona haya. Fanyeni mazoezi hayo kwa sauti, hata mbele ya kioo.

Kwenye usaili wa kazi, wakikupa nafasi ya kuuliza, uliza hili: siku ya masomo ni ipi, na siku hiyo simu inashikwa na nani? Mwajiri aliye tayari atakujibu mara moja. Sasa nami nakaa upande wa pili wa meza, na anayeuliza namjibu: Alhamisi, na simu nashika mimi.