Programu ya kuhesabu hatua kwa kijana aliyepona saratani ya damu

Dada, umeuliza kama programu ya simu itamfanya mwanao wa miaka 15 afanye mazoezi, sasa kwa kuwa amemaliza matibabu ya saratani ya damu. Inaweza kusaidia, ila usiitegemee peke yake. Kule Seattle, Marekani, jaribio dogo lililochapishwa 2017 liliwapa vijana kama yeye kifaa cha Fitbit, kinachovaliwa mkononi kuhesabu hatua, na kundi la Facebook la kutiana moyo kwa wiki 10. Walikivaa vizuri tu, lakini mazoezi yao hayakuzidi kwa kiasi cha maana yale ya wenzao wasiopewa.

La kwanza muulize daktari kama alitumia doxorubicin, ile dawa nyekundu ya dripu, au za jamii yake. Zinaweza kudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye, kwa hiyo moyo uangaliwe kabla ya mazoezi mazito.

Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa umri wake, lakini anza na lengo dogo zaidi. Na kama dawa za steroidi za matibabu yake zilimnenepesha, zima sehemu ya uzito na kalori kwenye programu. Umri huo, akiona simu inamsema mwili wake, ataifuta jioni hiyohiyo.