Muulize Daktari wa Wanyama: Paka wa bure anayedaiwa bima

SWALI: Shikamoo daktari. Niliona kwenye Facebook paka mdogo wa Persian, mweupe, anatolewa bure kwa kuwa mwenyewe anahamia Kanada. Paka yuko Nairobi. Niliambiwa nilipe usafiri tu, shilingi 4,500, nikatuma. Sasa msafirishaji anasema paka amekwama njiani kwa kukosa bima, nitume 12,000 nitakazorudishiwa akifika. Nikichelewa, eti nitashtakiwa kwa kumtelekeza mnyama. Binti yangu ameshampa jina. Kadi ya chanjo nimekutumia uitazame. Nifanyeje?
Mama Nasra, Bamburi

JIBU: Marahaba, Mama Nasra. Usitume hata ndururu. Hapo hakuna paka, na huyo msafirishaji na huyo wa Kanada huenda ni mtu mmoja mwenye laini mbili. Ukilipa bima, kesho litakuja sanduku lenye kiyoyozi, keshokutwa karantini. Wataendelea kudai mpaka uchoke. Na hiyo kesi ya kutelekeza isikunyime usingizi: humtelekezi mnyama ambaye hujawahi kumpokea.

Kadi nimeitazama, na kwa kweli nilicheka. Stika ya kwanza imeandikwa DHPPi. Hiyo ni chanjo ya mbwa! Paka huchanjwa dhidi ya mafua ya paka na panleukopenia, ugonjwa hatari wa virusi vya paka, kuanzia wiki ya nane hivi. Chini yake kuna chanjo ya kichaa cha mbwa, na kwa tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa hapo juu, paka alikuwa na wiki sita tu. Kwa kawaida sisi hungoja afike wiki 12. Halafu muhuri ni wa duara, mzuri, lakini hauna jina la daktari wala nambari yake ya usajili. Daktari wa mifugo anayefanya kazi kihalali Kenya amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, kwa hiyo unaweza kuuliza jina lake na kulihakikisha huko.

Pesa zilizokwenda ni ngumu kuzirudisha. Hata hivyo, leo hii upeleke ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ya Safaricom. Kama hajazitoa, kuna nafasi ndogo. Nambari ya tapeli iripoti kwa 333, pia ya Safaricom. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), ukiwa na picha za mazungumzo yote. Usiyafute kwa hasira. Na akitokea mtu inboksi kukwambia yeye ni fundi wa kurudisha pesa zilizotapeliwa, huyo naye ni wa ukoo uleule.

Siku nyingine, kabla ya kutuma chochote, mwambie mwenye paka akupigie simu ya video wakati huohuo, paka akiwa mapajani, mama yake akionekana, na jina lako limeandikwa kwenye karatasi kando yao. Atakwambia kamera imeharibika. Kamera za matapeli huharibika sana. Picha za paka pia zipitishe kwenye Google Lens, inayokuonyesha picha hiyo imetokea wapi kwingine mtandaoni. Mara nyingi utamkuta paka huyohuyo anauzwa nchi nyingine kwa jina jingine. Na kama paka yuko mbali, muombe ndugu au rafiki aliye Nairobi akamwone kwa macho, pesa zitoke paka akishashikwa mkononi.

Lakini niruhusu niseme langu. Persian ana manyoya mazito na pua bapa, anapumua kwa shida, na joto la Mombasa mnalijua. Kliniki zetu hazikosi paka walioachwa, wa kawaida, wenye afya. Uliza iliyo karibu nawe, mwende na Nasra amchague mwenyewe. Muangalie paka macho yasiwe na tongo, pua isitoe kamasi, masikio yasiwe na uchafu mweusi wa utitiri, na tumbo lisiwe limevimba kama puto, maana hiyo kwa paka mdogo aghalabu ni minyoo. Dawa yake ni rahisi, atapewa siku hiyohiyo pamoja na chanjo ya kwanza, ya paka.