Laravel au Node na React? Msihame kwanza

Ndugu uliyeuliza kama muhame kutoka Laravel kwenda Node na React: kwa timu ya watu wanne wanaoijua vizuri PHP, lugha ya programu, bakini na Laravel, ambayo ni mfumo wa kujengea tovuti kwa PHP. Bosi wenu anasema Laravel ni nzito na kwamba Node (ya kuendesha JavaScript kwenye seva) na React ndiyo mambo ya sasa, lakini pimeni kwanza huo uzito unatoka wapi. Kazini kwetu tuliilaumu Laravel wiki nzima kwa ukurasa wa oda uliokuwa unajikokota. Tulipohesabu maswali yanayokwenda kwenye hifadhidata, tukakuta oda 50 zinazaa maswali 51: moja la kuleta oda, mengine 50 ya kumtafuta mteja wa kila oda. Tukaongeza with('mteja') kwenye msimbo ili wateja wote waletwe kwa mkupuo, maswali yakabaki 2, ukurasa ukafunguka papo hapo. Kosa hilo tungehama nalo hadi Node.

Halafu React ni ya kujenga kile mtumiaji anachokiona kwenye kivinjari, kwa hiyo haishindani moja kwa moja na Laravel. Kama mna ukurasa mmoja wenye chati na vitufe vingi, wekeni React, au Vue inayofanya kazi kama hiyo, hapo tu, Laravel iendelee kuleta data.

Umaarufu nao usiwatie haraka. AngularJS, zana ya Google ya kujengea kurasa za kivinjari, ilitoka 2010, ikapendwa mno. Mrithi wake, Angular 2 ya mwaka 2016, iliandikwa upya kabisa, na Google wakaacha kuihudumia ile ya kwanza Januari 2022. Wengi wenye mifumo mikubwa walilazimika kuandika upya sehemu kubwa ya msimbo wao.

Anzeni na huo ukurasa wenu unaolalamikiwa zaidi, mhesabu maswali yake, kisha mpelekee bosi namba hizo.