Kabla hujamwandikisha binti shule ya kijijini, itembee kwanza njia yake

Dada, umesema umehamishiwa kikazi Tandahimba, binti anaingia kidato cha pili, na shule iko mwendo wa saa moja na nusu kutoka utakapokaa. Unauliza atembee, apande bodaboda au umpangie chumba karibu na shule. Nimeyapitia hayo na mwanangu wa kwanza.

Tulipokuwa Mikindani shida ilikuwa makonda. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa shilingi 200, na konda akiona sare tu anaziba mlango: "Mmoja, wengine subirini!" Siku moja aliachwa na daladala tatu, akafika mjini vipindi vimeanza, akachapwa kwa kosa lisilo lake. Wazazi tulipoanza kusimama kituoni kwa zamu, wakawa wanawapakia.

Kijijini hata konda wa kugombana naye huna. Ni mchanga na mikorosho huku na huku, mtoto katoka saa kumi na moja alfajiri na kitochi. Mvua za Desemba zikishika, viatu vinakaa kwenye mfuko hadi getini. Jioni anarudi hoi, daftari halifunguliwi.

Chumba usimpangie, nakusihi. Ada ilifutwa tangu 2016, kwa hiyo mzazi anaona kodi ya geto si kitu. Lakini watoto watatu bila mtu mzima, unga ukiisha Alhamisi, mwenye chipsi na lifti ndiye anayegeuka mlezi. Nimeona mabinti wawili wakiachia masomo hivyo, na hadi leo inaniuma. Shule ikiwa na hosteli, hata ya kubanana, mpeleke. Haina? Mtafutie mama wa makamo jirani na shule, umpelekee mchele na mafuta kila mwezi.

Bodaboda inawezekana, ila awe kijana ambaye kwao unapajua. Sisi tulikuwa wazazi wawili, anabeba mmoja mmoja, mshikaki hapana. Tulimlipa kila Ijumaa. Ikifika Oktoba, minada ya korosho ikianza, boda wote wanakimbilia magunia na mtoto anasahaulika, kwa hiyo miezi hiyo tulimlipa mapema na kumwongezea kidogo.

Halafu toka na binti alfajiri moja, mtembee wote hadi getini, mkiangalia nyumba zipi njiani zimeshaamka. Mimi nilikuta tatu. Jioni yake nikapiga hodi zote, nikamtambulisha mwanangu kwa jina.