Maswali na Majibu: Lutetiamu ya udongoni na lutetiamu ya hospitali

Mwalimu, huku Bugiri, Uganda, tunaambiwa udongo wa Makuutu una madini adimu yenye mionzi. Tuhame?

Kwa sababu ya lutetiamu, mojawapo ya metali hizo adimu, hapana. Katika tani nzima ya miamba ya kawaida utapata takriban nusu gramu yake. Asilimia 97.4 ya hiyo haina mionzi kabisa. Iliyobaki ni lutetiamu-176, ambayo hupungua nusu kwa miaka bilioni 37 hivi, na dunia yenyewe ina bilioni 4.5 tu! Mionzi yake ni hafifu mno. Wachimbaji waulizeni kuhusu vumbi, maji na mashimo watakayoacha.

Baba ana saratani ya tezi dume na daktari ametaja lutetiamu. Ndiyo hiyo hiyo?

Pole sana, mfikishie mzee salamu zangu. Elementi ni moja, isotopi (aina ya atomi zake, zinazotofautiana kwa uzito) ni nyingine. Dawa hutumia lutetiamu-177, inayotengenezwa kwenye kinu cha nyuklia kwa kuipiga lutetiamu-176 au itabiamu-176 (metali nyingine adimu) kwa nyutroni. Huunganishwa na molekuli inayotafuta PSMA, protini iliyojaa juu ya seli nyingi za saratani hiyo. Ikidungwa mshipani huufuata ugonjwa hata ulikosambaa mifupani, kisha hutoa chembe za beta zisizovuka milimita 2 hivi, kwa hiyo kinachoumia zaidi ni uvimbe wenyewe. Hutoa pia miale kidogo ya gama, na kwa kamera maalumu daktari huona dawa imefika wapi. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2022, kwa saratani iliyosambaa. Haimfai kila mgonjwa: uliza kwanza kama kipimo kimeonyesha PSMA. Kinywa kukauka ni kawaida.

Kwa nini isiagizwe nyingi ikawekwa stoo hospitali ya Mulago?

Haiwekeki. Hupungua nusu kila siku 6.6 hivi: baada ya siku 3 imebaki asilimia 73, baada ya wiki mbili haifiki robo. Huagizwa kwa mgonjwa fulani na siku fulani, na kibali cha kuingiza vitu vya mionzi nchini hutoka Baraza la Nishati ya Atomiki. Mzigo kama huu haustahili kulala uwanja wa ndege wa Entebbe hata usiku mmoja. Natamani sana nchi zetu za Afrika Mashariki ziagize kwa pamoja.

Akirudi nyumbani, anaweza kumpakata mjukuu?

Asubiri. Siku za kwanza dawa nyingi hutoka kwa mkojo. Anywe maji mengi, akojoe akiwa ameketi, anawe mikono vizuri, na alale peke yake, mbali na watoto na wajawazito, kwa siku atakazoandikiwa hospitalini. Wewe kumpelekea chakula na kuzungumza naye kidogo, hilo halina shida.